Daftari la Maslahi

Katika bodi ya kampuni ile ya kutengeneza madaftari, hakuna aliyezijua kanuni kama Bi Kanuni, na ndiyo maana jina lake la kuzaliwa lilikuwa limesahaulika hata na waliomjua tangu utotoni. Miaka kumi na minane alikaa upande wa kushoto wa meza ya mkutano, karibu na dirisha linalotazama uwanja wa kupakilia mizigo, na katika miaka hiyo alikuwa amemtoa nje karibu kila mjumbe. Kanuni ya kumi na nne aliiandika yeye mwenyewe: mwenye maslahi katika jambo linalojadiliwa aseme, kisha atoke, arudi akiitwa. Alimtoa Mwanasheria siku walipojadili ofisi za mawakili. Alimtoa mdogo wake wa tumbo moja. Alimtoa hata Baba Mdogo, mwenyekiti mwenyewe, siku bodi ilipotaka kununua lori kwa mkwewe, na mzee wa watu akasimama koridoni dakika arobaini akiegemea mkongojo, maana wakati huo hapakuwa na benchi. Benchi liliwekwa wiki iliyofuata.

Usije ukadhani alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kufuata mambo yalivyoandikwa, na watu wa namna hiyo wanahitajika, hasa mahali penye jamaa wengi. Shida yake ilikuwa moja tu, nayo ilikuwa wifi yake.

Kampuni ilianzishwa na marehemu baba yake kwa mashine moja ya kukata karatasi. Alipofariki, Bi Kanuni na mdogo wake wa kiume walipata kila mmoja kiti chake kwenye bodi, na mdogo wa marehemu, huyo Baba Mdogo, akawa mwenyekiti. Yule mdogo wake Bi Kanuni hakuiweza bodi. Mikutano ilimletea usingizi, na siku moja alikoroma katikati ya taarifa ya mkaguzi. Miaka minne iliyopita akasema basi, akamwachia mkewe kiti. Bi Kanuni alipekua makaratasi siku tatu akitafuta kifungu cha kumzuia. Hakukipata.

Wifi hakujua kanuni hata moja kwa namba yake. Alitoka kwenye kazi ya kuuza vifungashio, na alikuwa na tabia ya kushuka kiwandani kabla ya mkutano, akaingia chumbani na gundi kwenye mkono wa blauzi, akacheka, akaketi. Wakati wengine wanabishana juu ya nukta na mkato, yeye anauliza, "Jamani, hiki tunachokifanya kinamsaidia nani?" Shule zilikuwa zinahamia kwenye vishikwambi na oda za madaftari zilipungua kila mwaka. Wifi ndiye aliyesema watengeneze maboksi ya kupelekea vitu ambavyo watu wanavinunua kwa simu. "Daftari halifi kesho," alisema, "lakini tusikae tu tukilishika mkono kama mgonjwa." Baba Mdogo alicheka mpaka akakohoa, na maboksi ya majaribio yakaruhusiwa.

Siku ile ndipo Bi Kanuni alipoanza kuchora vijiti. Kwenye pambizo la ajenda yake aligawa sehemu mbili, na kila Baba Mdogo alipomgeukia Wifi kuuliza maoni, alichora kijiti upande wa kulia. Akimgeukia yeye, upande wa kushoto. Mkutano wa kwanza ulikwisha kumi na moja kwa sita. Wa mwisho kabla ya mambo haya ninayosimulia ulikwisha ishirini na tatu kwa nne, na kati ya hivyo vinne, kimoja aliulizwa kama anaona dirisha lifungwe.

Sasa Baba Mdogo akatangaza kwamba anang'atuka.

"Nimekula chumvi ya kutosha," alisema. "Ajenda siku hizi naisoma kwa kukisia. Mwenye jina la mwenyekiti mpya alipeleke kwa Katibu kwenye bahasha, mwisho Ijumaa ya wiki ijayo saa kumi jioni. Taja mwenzako au jitaje mwenyewe, yote ruksa."

Bi Kanuni aliinamisha macho kwa adabu, kama bibi harusi anayesomewa sifa zake. Kiti kile, cha mbao nyeusi, chenye mkono mmoja uliobanduka rangi, kilikuwa cha baba yake. Akiwa mtoto alikikalia miguu ikining'inia, akigonga meza kwa rula na kusema "kikao kimefunguliwa," na baba yake akijibu, "Ndiyo, Mheshimiwa." Hakuna kitu duniani alichokitaka kama kile kiti. Wala hakuna kitu alichoapa kutokukiomba kama hichohicho.

Wiki ile na nusu alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Alimuuliza Fundi, mwakilishi wa wafanyakazi kwenye bodi, hali ya mgongo wake. Alimpelekea Mstaafu wa Benki, mjumbe mwingine, nakala ya picha ya zamani ya kiwanda. Alimsifu Mwanasheria kwa tai. Wote walishukuru, wote wakashangaa, na hakuna aliyeelewa.

"Umepeleka jina?" mume wake alimuuliza Alhamisi wakati wa chakula cha mchana.

"Jina la nani?"

"Lako, mama."

"Kiti cha baba yangu nikakiombe kwa bahasha? Wanajua nilipo."

"Ulipo wanapajua. Unachokitaka je, umewaambia?"

"Kula, chakula kinapoa," alisema Bi Kanuni.

Ijumaa saa kumi na robo Katibu, mama mmoja mnene mwenye miwani ya kuning'iniza kifuani, alibandika karatasi ubaoni. Bi Kanuni alishuka ngazi bila haraka. Alijiandaa hata uso wa kushtuka, ule wa kusema jamani, mimi tena? Karatasi ilikuwa na jina moja, na halikuwa lake. Amependekezwa: Wifi. Ametajwa na: Baba Mdogo. Ameungwa mkono na: Fundi.

Fundi! Aliyeulizwa mgongo mara mbili!

Wivu ulimshika palepale mbele ya ubao, wivu wa kweli, unaokausha mate. Aliuonea wivu mwandiko wa Baba Mdogo ulioandika jina lile. Aliionea wivu gundi kwenye mkono wa blauzi. Alimwonea wivu Wifi kwa kuingia mahali na watu wakasogeza viti, ilhali yeye akiingia watu hufunga vifungo vya koti. Alipanda juu, akajifungia ofisini, akalia kwa dakika kama tano, kisha akanawa uso na kuanza kutafuta.

Anayetafuta kwa moyo wa namna ile hapati usingizi mpaka apate kitu, na Bi Kanuni alipata Jumatatu. Dereva wa lori la kampuni, akisubiri kusainiwa karatasi zake, alisema tu katika mazungumzo kwamba yale maboksi ya majaribio yanapokelewa vizuri sana kwenye ghala la mnunuzi, kwa kuwa mdogo wake Wifi ndiye mkuu wa mapokezi pale.

"Mdogo wake Wifi?" aliuliza Bi Kanuni taratibu.

"Ndiyo mama. Wa damu kabisa. Hata mwanya ni uleule."

Alasiri alikwenda mwenyewe. Ghala lilikuwa na sakafu ya saruji iliyofagiliwa na kaunta ndefu ya mabati, na nyuma ya kaunta alisimama mwanamke mwenye mwanya uleule, kalamu nyuma ya sikio.

"Eh, wifi! Shikamoo!" alisema yule mwanamke kwa sauti, maana walionana harusini. "Umekuja kuona maboksi yenu? Njoo nikuonyeshe, tunayapenda, ila yale madogo yanafunguka chini."

Mtu mwenye la kuficha hasalimii hivyo, na siku nyingine Bi Kanuni angeliona hilo. Siku ile hakuliona. Moyo ulikuwa unamcheza kwa furaha. Muuzaji na mpokeaji ni mtu na mdogo wake, na bodi haijaambiwa! Kanuni ya kumi na nne, peupe! Alirudi nyumbani akiimba, akampikia mumewe, akampakulia mara mbili, na mumewe akamtazama kwa wasiwasi mkubwa.

Mkutano ulikuwa Jumatano saa nne asubuhi. Baba Mdogo kwenye kiti cheusi, Wifi kulia, Bi Kanuni kushoto, Mwanasheria, Mstaafu wa Benki na Fundi wakifuata, Katibu mwishoni na mafaili yake. Baba Mdogo hakupoteza muda.

"Jina ni moja. Kuna neno kabla ya kura?"

"Lipo," alisema Bi Kanuni akisimama.

Alisema vizuri, tumpe haki yake. Hakutukana wala hakupandisha sauti. Alieleza kwamba mnunuzi mkubwa wa maboksi anapokea mzigo kwa mkono wa mdogo wake Wifi, kwamba mjumbe aliyeleta wazo la maboksi ndiye huyohuyo mwenye undugu, na kwamba jambo hilo halijawahi kufika mezani. "Zamani kampuni kama yetu iliendeshwa kwa kujuana," alisema. "Leo anayetaka kutukopesha anaanza kwa kuuliza bodi inakaaje. Tunataka kumweka kwenye kiti hiki mtu anayeficha ndugu zake?"

Wifi alikuwa amemkodolea macho, midomo wazi, na uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Bi Kanuni aliuangalia uso ule, akasikia utamu, na nasema utamu kwa sababu ndivyo ulivyokuwa.

"Lakini niliandika," alisema Wifi kwa sauti ndogo. "Niliandika kwenye daftari."

"Katibu," alisema Mwanasheria, "tuletee daftari la maslahi."

Daftari hilo lilitoka kiwandani hapohapo, jalada jeusi gumu, kurasa mia mbili, safu za wino mwekundu: jina, uhusiano, jambo, aina ya maslahi, na mwisho kabisa safu nyembamba iliyoandikwa *imepitiwa*. Kila mjumbe mwenye undugu au urafiki unaogusa kazi aliuandika humo. Kila miezi mitatu mkuu wa kamati ya ukaguzi alilipitia, akasaini, na jambo lolote zito akalipeleka mezani. Mkuu wa kamati ya ukaguzi, kwa miaka tisa, alikuwa Bi Kanuni.

Katibu alivaa miwani, akafungua, akasoma. "Mdogo wangu wa kuzaliwa ameajiriwa kama mkuu wa mapokezi kwa mnunuzi wa maboksi. Naomba bodi ijulishwe. Tarehe ni ya mwezi wa kumi mwaka jana." Akageuza ukurasa. "Ameandika tena mwezi wa kwanza. Na wa nne. Na wa saba. Maneno yaleyale."

"Na safu ya mwisho?" aliuliza Mwanasheria.

Katibu alimtazama Bi Kanuni kama mtu anayeomba radhi. "Imesainiwa. Mistari yote minne."

Alikumbuka. Alikumbuka kila mara moja: daftari linaletwa ofisini, anafungua, anakutana na ule mwandiko wa duara, ulionyooka bila mstari, na roho inamuuma kiasi kwamba anafunika sehemu ile kwa kiganja cha kushoto na kusaini kwa mkono wa kulia. Ya Mwanasheria aliisoma. Ya Fundi aliisoma, hata ile ya shemeji yake anayeuza misumari. Ya Wifi alikuwa hajaisoma hata siku moja, kwa miaka minne. Yeye, Bi Kanuni, alisaini kitu asichokisoma, na neno aliloombwa alifikishe kwenye bodi lilikufa chini ya kiganja chake.

Mstaafu wa Benki alikohoa. Fundi, ambaye huongea mara moja kwa mkutano, alitumia zamu yake.

"Mimi sina elimu ya haya mambo," alisema, "lakini naomba kuuliza. Hapa kwenye hili la kiti, Bi Kanuni naye hana maslahi?"

Baba Mdogo aligeuka. Aligeuza kichwa chote, pamoja na mabega, akamtazama. "Mwanangu," alisema, "unakitaka hiki kiti?"

Alikuwa na majibu mengi, yote ya heshima. Angeweza kusema anaitakia kampuni mema. Angeweza kutaja kifungu. Lakini daftari lilikuwa wazi mezani na saini zake nne zikimtazama, na mdomo ukamtangulia.

"Ndiyo," alisema. "Nakitaka. Nimekitaka tangu baba hajazikwa."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri mniambie ninyi."

Mzee alitikisa kichwa polepole. "Mimi nilidhani hukitaki. Miaka yote wewe kazi yako kutusahihisha. Nikasema huyu hana haja ya kuongoza, huyu anatutosha hivihivi." Kisha akaelekeza mkongojo mlangoni. "Kanuni ya kumi na nne. Nyote wawili, tafadhali."

Walikaa kwenye benchi, Wifi ncha hii, Bi Kanuni ncha ile, katikati pochi zao mbili. Koridoni palikuwa na harufu ya karatasi mpya, na kutoka chini mashine ya kushona madaftari ilisikika ikipiga, ikinyamaza, ikipiga.

"Leo ulitaka kunivua nguo mbele ya watu," alisema Wifi bila kumtazama.

"Ndiyo."

"Hata hukani!"

"Nitakana nini? Umeona mwenyewe."

Wifi alivuta pumzi kwa nguvu. "Kwa nini hukusoma? Niambie hilo tu, wifi. Mimi kila nikiandika mle nasema leo ataniita, leo atanitoa nje kama wenzangu. Nasubiri. Kimya. Nikadhani hata kunitoa nje sistahili."

Bi Kanuni aliitazama mikono yake. "Ni mwandiko wako," alisema.

"Mwandiko wangu una nini?"

"Mzuri."

Wifi aligeuka kumtazama kwa mara ya kwanza, akitafuta dhihaka, hakuiona. Akataka kucheka, hasira ikamzuia. Akakaa hivyohivyo, mdomo ukiwa haujui uende wapi.

"Unajua mimi nakuogopa?" alisema hatimaye. "Kila nikitaka kufungua mdomo mle ndani nakutazama wewe kwanza. Ukiinama unaandika kitu pembeni ya karatasi yako, nasahau nilichotaka kusema. Unaandikaga nini?"

Bi Kanuni aliivuta pochi yake, akaiweka mapajani. Kuna aibu ambazo mtu hazitoi zote siku moja.

Mlango ulifunguliwa na Baba Mdogo mwenyewe. Hakusema hesabu ya kura, na wala haikuhitajika, maana alimpisha Wifi apite mbele. Bi Kanuni alikuwa amejua tangu alipokalia benchi, na bado alipoona wifi yake anakiendea kiti cheusi, anakivuta, anakaa, na kiganja chake kinatua juu ya ule mkono uliobanduka rangi, aliumia kuliko siku ya msiba. Baba Mdogo alikwenda kukaa pale alipokuwa akikaa Wifi.

Mwenyekiti mpya alifungua karatasi. "Ajenda inayofuata ni ununuzi wa mashine ya maboksi. Kabla hatujaanza, kuna mjumbe mwenye maslahi?"

Swali lile huulizwa kila mkutano, na mara nyingi watu hulipita wakimimina maji. Mstaafu wa Benki alikuwa ameshaanza kufungua faili lake.

"Nipe daftari," alisema Bi Kanuni.

Katibu alilisukuma. Bi Kanuni akaondoa kifuniko cha kalamu na kuandika safu kwa safu, bila haraka. Kwenye jina aliandika lile la kuzaliwa, akalishangaa kidogo. Kwenye uhusiano: wifi wa mwenyekiti. Kwenye jambo: lolote litakaloletwa na mwenyekiti. Kwenye aina ya maslahi alisita, kalamu ikaacha nukta ya wino, kisha akaandika neno moja: wivu.

Mkuu wa kamati ya ukaguzi hawezi kupitia maelezo yake mwenyewe, humpelekea mwenyekiti. Nayo ni kanuni aliyoiandika yeye. Daftari likapita mkono kwa mkono hadi kwenye kiti cheusi, na Bi Kanuni akatazama dirishani, kwenye uwanja, ambako dereva alikuwa anafunga turubai la lori.

Wifi alisoma. Alisoma mstari wote, kidole kikiufuata kutoka safu ya kwanza hadi ya mwisho, akafika kwenye lile neno, akarudi nyuma, akalisoma tena. Kisha akasaini.

Bi Kanuni alikuwa amekwisha kusimama, pochi mkononi.

"Unakwenda wapi, wifi?"

"Nje. Nimesema, natoka."

"Kifungu kidogo cha tatu," alisema Wifi. "Mjumbe aliyetaja maslahi yake anaweza kubaki, bodi ikiridhia. Nilikisoma jana usiku. Nilijua leo utanibana kwa kanuni, nikazisoma zote." Akatazama meza. "Bodi inaridhia?"

"Abaki," alisema Fundi, na huo ukawa mkutano wa kwanza aliozungumza mara mbili. Wengine wakatikisa vichwa.

Bi Kanuni alikaa. Roho ilikuwa ingali inamuuma, palepale, kwa ukubwa uleule. Hakuna saini inayotoa kitu cha namna ile. Alivuta ajenda yake karibu, na kwa mazoea kalamu ikaenda pambizoni.

"Basi tuanze," alisema mwenyekiti, akamgeukia yeye, kichwa pamoja na mabega. "Tuanzie kwako, wifi. Hii mashine unaionaje?"

Kabla hajajibu, Bi Kanuni alichora kijiti kimoja, upande wa kushoto.